Kuchoshwa na soga za kandanda kazini si ugonjwa

Bila shaka waijua Jumatatu ya ofisini. Unaingia saa mbili asubuhi, hujavua hata koti, na tayari mabishano yamepamba moto. Yule wa Arsenal anadai refa alinunuliwa. Yule wa Manchester United hataki kuonekana, amejificha nyuma ya kompyuta. Mlinzi wa langoni, tarishi, mhasibu na meneja, wote wamegeuka wakufunzi, na kila mmoja anajua ni mchezaji gani alistahili kuondolewa uwanjani dakika ya sitini. Chai ya saa nne inaletwa mabishano yangali yanaendelea. Chakula cha mchana ni hayo kwa hayo. Nawe je? Umeketi hapo na kikombe chako, unatabasamu tabasamu lisilo na maana, ukimwomba Mungu mtu asije akakuuliza, "Kwani wewe ni wa timu gani?"

Ikiwa huyo si wewe, basi huenda ni jirani yako wa meza ya pili. Makala ya leo yanawahusu nyote wawili.

Naandika haya kwa sababu ya mgonjwa wangu mmoja. Amenipa ruhusa ya kumtaja, nami nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Ni bwana wa miaka 34, karani katika kampuni ya bima, mwenye mke na watoto wawili. Alipokuja mara ya kwanza alilalamikia kiungulia. Nikampa dawa ya kupunguza asidi tumboni, nikamshauri apunguze pilipili na asile usiku mno kisha akaenda moja kwa moja kitandani. Mara ya pili alikuja na maumivu ya kichwa, yale ya kuhisi kana kwamba mtu amefungwa kitambaa akakazwa kuzunguka paji la uso. Presha yake ilikuwa 138 kwa 88, si ya kutisha lakini si ya kijana wa umri wake. Nikampa dawa za maumivu. Mara ya tatu na ya nne alitaka barua ya kumruhusu apumzike siku moja tu. Nikaiandika.

Si mimi niliyeng'amua jambo lenyewe. Ni muuguzi wangu. "Daktari," aliniambia baada ya bwana huyo kutoka, "mbona huyu huja Jumatatu tu?" Tukafungua faili. Alikuwa amekuja mara tano katika muda wa miezi minne, na mara nne kati ya hizo zilikuwa Jumatatu. Ile moja iliyosalia ilikuwa Alhamisi. "Hiyo Alhamisi," akasema muuguzi, ambaye ni shabiki sugu wa Liverpool, "ilifuata Jumatano ya mechi kubwa ya Ulaya."

Hilo mimi nisingelijua hata ningesoma faili lile mwaka mzima. Nina aibu kusema kwamba nilikuwa nimemwandikia mtu huyu dawa za shilingi elfu kadhaa bila kumwuliza swali ambalo wanafunzi wa udaktari hufundishwa mapema kabisa: siku yako huwaje?

Alipokuja tena nikamwuliza. Alikaa kimya kwa muda, kisha akacheka kwa haya. "Daktari, kazi yangu naipenda. Ni yale maongezi." Akanieleza kwamba alihamishiwa tawi lile miaka miwili iliyopita, na siku ya kwanza, hata kabla ya kuonyeshwa meza yake, akaulizwa timu yake. Hana timu. Hajawahi kuwa nayo. Lakini macho yote yalikuwa yakimtazama, naye akasema "Chelsea", kwa kuwa mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa amevaa shati la buluu. Neno likishatoka halirudi. Tangu siku hiyo ikambidi awe mtu wa Chelsea. Akawa anakesha akisoma habari za wachezaji asiowajua, na kutazama mechi asizozipenda ili Jumatatu asiumbuke. Wenzake walipoanzisha kikundi cha kubashiri, kila mtu shilingi 200 kwa wiki, akaingia. Kisha akaanza kubashiri peke yake kwa simu, apate la kusimulia. Siku aliyoniambia haya alikuwa amekwishapoteza shilingi 38,000, na nyingi kati ya hizo alizikopa kutoka Sacco akimwambia mkewe ni za karo ya muhula wa pili.

"Daktari, hivi mimi ni mgonjwa?" akaniuliza. "Mwanamume mzima asiyependa mpira?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jibu langu ni la. Kutopenda kandanda si ugonjwa, sawa na kutopenda bamia. Kuchoshwa na maongezi usiyoyapenda, yanayorudiwa siku tano kwa wiki, ni jambo la kawaida kabisa. Kilichokuwa kikimwumiza bwana huyu si mpira. Ni kujifanya.

Sasa nami niungame. Mimi mwenyewe siipendi kandanda. Sikuipenda shuleni, ambako niliwekwa golini kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyetaka kusimama hapo, na siipendi leo nikiwa na miaka arobaini na kitu. Mwaka 2007 nilikuwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya mkoa. Daktari bingwa aliyetusimamia alikuwa mtu wa Arsenal wa kufa na kupona. Kabla ya kuwapitia wagonjwa wodini alikuwa akisimama mlangoni dakika tano nzima akizungumzia mechi iliyopita, na wanagenzi waliojua kumjibu ndio waliopewa nafasi nyingi katika chumba cha upasuaji. Au ndivyo nilivyodhani. Basi nikaanza kusoma ukurasa wa michezo kila asubuhi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Siku moja nikajitosa. "Daktari," nikasema, "Henry alicheza vizuri sana juzi."

Kukawa kimya. Thierry Henry alikuwa amehamia Barcelona tangu Juni mwaka huo. Bingwa yule akanitazama juu ya miwani yake. "Kijana," akasema, "afadhali ungenyamaza." Wenzangu walinicheka wiki nzima, na hadi leo yupo mmoja, sasa ni daktari wa watoto huko Eldoret, ambaye akinipigia simu hunisalimu kwa jina la Henry. Nacheka sasa. Usiku ule sikucheka. Sikulala, na tumbo lilinisokota vilivyo.

Ndiyo maana naweza kukueleza, msomaji, kinachotokea mwilini. Unapoketi katika kundi ukihofia kugunduliwa, mwili wako hautofautishi sana kati ya swali la kandanda na mbwa mkali aliyefunguliwa mnyororo. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za kukabili hatari. Moyo huenda mbio, presha hupanda, misuli ya shingo na mabega hukaza, na kukaza huko ndiko mara nyingi huleta yale maumivu ya kichwa yanayobana kama kitambaa. Tumbo huvurugika. Usingizi huwa mwepesi. Mara moja kwa mwezi si kitu, mwili huo umeumbwa kustahimili. Lakini kila siku ya kazi, miaka miwili mfululizo? Hapo ndipo mtu huanza kuzunguka kwa madaktari akitafuta ugonjwa ambao vipimo havioni.

Kuachwa nje ya maongezi nako kunaumiza, na hili limechunguzwa. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Kipling Williams, alikuwa bustanini na mbwa wake wakati kisahani cha kurushiana kilipomwangukia miguuni. Akawarudishia wenyewe, watu wawili asiowajua, nao wakaanza kumrushia. Baada ya muda wakaacha, wakaendelea wao kwa wao. Alishangaa jinsi jambo dogo kama hilo lilivyomkata maini. Kutokana na hayo alibuni mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, ambao mchezaji hurushiwa mara chache kisha akanyimwa. Mwaka 2003 yeye pamoja na Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwapiga watu picha za ubongo wakati wakinyimwa mpira huo. Sehemu ya ubongo iliyoonekana kufanya kazi zaidi ni ile ambayo pia huhusika mtu anapoumia mwilini. Wapo wataalamu waliopinga baadaye kwamba maumivu haya mawili ni kitu kimoja, na mimi sitaingilia ugomvi wao. Ninachokitilia maanani ni kwamba watu hao walinyimwa mpira usiokuwapo na wachezaji wasiokuwapo, kwa dakika chache tu, na bado waliumia. Mtu anayenyimwa mpira na watu halisi, watu anaokula nao mchana na wanaojua majina ya watoto wake, ataachaje kuumia?

Na tusichukulie upweke kuwa jambo la watu wa Ulaya. Katika ripoti iliyotolewa Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya kila 6 duniani hukumbwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Unaweza kuwa mpweke katika chumba chenye watu ishirini wanaopiga kelele.

Lakini nisije nikamwonea shabiki. Lipo jambo ambalo kandanda imenifundisha, nalo nimelibeba tangu mwaka ule wa uanagenzi.

Utakumbuka uchaguzi wa Desemba 2007 na yaliyofuata. Katika nyumba yetu ya wanagenzi tulikuwa saba, kutoka jamii tano. Mchana tuliwashona watu majeraha ya panga na kuwatoa vichwa vya mishale. Jioni tuliketi sebuleni bila mtu kutamka neno. Kila neno lilikuwa na mwiba. Ukimwuliza mwenzako, "Nyumbani hawajambo?" swali lenyewe lilikuwa siasa. Wawili miongoni mwetu, waliokuwa wamesoma pamoja tangu shule ya upili, hawakuwa wamesemezana tangu Krismasi. Mmoja alikuwa akila chakula chake chumbani.

Tarehe 20 Januari 2008 Kombe la Mataifa ya Afrika likaanza huko Ghana. Mtu mmoja, simkumbuki nani, akawasha televisheni. Kenya haikuwa imefuzu, na labda ndiyo sababu ilifaa. Hapakuwa na upande wa kuchukua. Siku ya kwanza tulitazama kama watu walio matangani. Siku ya tatu mtu akamlaani mlinda lango fulani, na mwingine akamjibu. Ilipofika fainali ya Februari 10, Misri ilipoichapa Kamerun bao 1-0, wale wawili walibishana juu ya bao lile hadi usiku wa manane. Walikuwa wakibishana, lakini walikuwa wakizungumza. Mimi nilikuwapo siku zote hizo, nikiwa sielewi sheria ya kuotea na wala sijaielewa hadi leo. Sikutazama mpira. Niliwatazama wao.

Tangu wakati huo, nikiingia katika ofisi ya Nairobi na kusikia kelele za Arsenal na Manchester, najua ninachokisikia. Katika nchi ambayo jina la pili la mtu hutosha kumfungulia au kumfungia mlango, hii ni mada ambayo Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mgiriama na Msomali wanaweza kupigania bila yeyote kwenda nyumbani na jeraha. Arsenal haina kabila. Baba zetu hata hilo hawakulipata kwa urahisi. Wakati wao ilikuwa Gor Mahia na AFC Leopards, na timu ya mtu ilikuambia kwao ni wapi. Kwa hiyo atakayekuja kwangu akitaka nimwunge mkono kupiga marufuku soga za mpira ofisini atakuwa amekosea kliniki. Nyingi ya soga hizo si habari za mpira hata kidogo. Ni salamu tu. Ni njia ya kusema, nimekuona, uko hai, tuko pamoja.

Taabu huanza pale salamu hiyo inapokuwa ndiyo pekee inayokubalika.

Mama mmoja anayefanya kazi katika idara ya mauzo aliwahi kunieleza kwamba wakubwa wake hukutana Jumamosi jioni kutazama mechi, na Jumatatu asubuhi yeye hukuta maeneo ya kazi yamekwishagawanywa. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwalika pia. Ikiwa wewe ni meneja, nakusihi: kazi izungumzwe mezani pa kazi. Ukimpandisha cheo kijana kwa kuwa ni mtu wa timu yako, umewaambia wengine wote wakasomee jambo ambalo si kazi yao. Na kuna kichekesho kingine nisichokielewa. Muuguzi wangu ananiambia kwamba anapotaja Liverpool mbele ya wanaume huulizwa maswali kama mtuhumiwa kizimbani: nani alifunga, mwaka gani, dakika ya ngapi. Mwanamume asiyejua analazimishwa kujua, na mwanamke anayejua haaminiwi.

La kamari nalisemea kwa ukali zaidi. Tangu mwaka 2014 hivi, kubashiri kwa simu kumeenea nchini mwetu kama moto wa nyika, na ofisi nyingi sasa zina mkeka wao wa wiki. Mia mbili ya kila mtu si dhambi kubwa. Lakini mkeka ukishakuwa ndio tiketi ya kuingia katika maongezi, huyo asiyependa mpira ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hajui anachobashiri na anaona haya kusema. Uraibu wa kamari umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, nami nakutana nao katika kliniki hii ndogo. Ukijikuta unacheza ili kurudisha ulichopoteza, unakopa ili ucheze, au unamficha mwenzi wako ujumbe wa simu, basi umekwishavuka mpaka. Njoo tuzungumze. Si jambo la kuhubiriwa, ni jambo la kutibiwa.

Nanyi mashabiki, msidhani nimekuja kuwasema wengine tu. Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika eneo la Munich wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka hadi mara 2.66 ya siku za kawaida, na kwa wanaume peke yao zikapita mara 3. Waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio walioathirika zaidi. Jambo lingine ni usingizi. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa katika miezi ya baridi ya Ulaya huanza saa tano usiku kwa saa zetu, na kwisha karibu na saa saba. Mtu huyo anaamka saa kumi na moja awahi matatu. Halafu ananijia akitaka vitamini. Hakuna vitamini ya usingizi, ndugu yangu. Na nitasema hili kisha ninyamaze: watu wanaozungumza sana habari za michezo ofisini, kwa jinsi ninavyowapima, si wale wanaotembea sana. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ndizo zinazopendekezwa kwa mtu mzima. Kutazama wengine wakikimbia hakuhesabiwi.

Sasa, wewe usiyependa maongezi haya ufanyeje?

Kwanza, sema ukweli mapema na useme kwa wepesi. "Mimi sina timu." Basi. Usiongeze mahubiri kwamba mpira ni upuuzi, au kwamba Wazungu wanatajirika kwa pesa zetu, hata kama ndivyo unavyoamini. Mtu anayeipenda timu yake anapoambiwa ni mjinga atajitetea, na utakuwa umejitafutia vita vya bure. Watakutania siku mbili tatu. Kutaniwa kwa ukweli kunachosha kidogo kuliko kusifiwa kwa uongo.

Pili, na hili nilijifunza kwa wagonjwa wangu wanaume, acha kuuliza juu ya mpira na uulize juu ya mtu. Wanaume wengi huja kliniki wakiwa wamefunga midomo kama makabati. Ukimwuliza mzee wa miaka sitini kuhusu mkojo wake atakwambia ni mzuri. Lakini mwulize, "Timu hii ulianza kuipenda lini?" Utasikia juu ya mjomba aliyekuwa na televisheni ya kwanza kijijini, ikiwashwa kwa betri ya gari, na watu hamsini wakichungulia dirishani. Utasikia juu ya baba aliyemshika mkono kumpeleka City Stadium. Kabla hajamaliza, amekwishakuambia pia kwamba huamka mara tano usiku kwenda haja ndogo. Huhitaji kujua ni nani aliyefunga. Jaribu hilo kwenye chai ya saa nne. "Uliitazamia wapi? Ulikuwa na nani?" Utashangaa jinsi mpira unavyoondoka haraka na maisha yakaingia.

Tatu, tafuta mtu mmoja. Si lazima ofisi nzima ikupende. Mwenzako mmoja unayeweza kuzungumza naye kuhusu kuku wako wa mayai, au kwaya, au bei ya simiti, anatosha kuibadilisha siku. Na ikiwa kelele zenyewe ndizo zinazokuzuia kazi, omba kwa heshima meza ya kando, au tumia saa ya chakula kutembea. Hakuna aliye na haki ya kukuita mwenye maringo kwa sababu umetoka kunyoosha miguu.

Kuna tahadhari moja hapa. Nimesema kuchoshwa na soga za kandanda si ugonjwa. Lakini ikiwa soga zote zinakuchosha, hata zile ulizozipenda zamani; ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umepoteza hamu ya chakula, au usingizi, au furaha ya kuwaona watoto wako; ikiwa unawaza kwamba afadhali usingekuwapo, basi si mpira tena. Huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Usingoje Jumatatu. Wapo pia watu ambao tangu utotoni kelele na maongezi ya makundi huwachosha kupita kiasi, na baadhi yao wana usonji uliofichika ambao haukupata kutambuliwa. Hao nao wanahitaji kueleweka, wala si kuvutwa kwa nguvu katikati ya duara.

Utataka kujua habari za karani wangu. Sikumwandikia dawa mpya. Tulikubaliana kwamba atakiuza kitambulisho chake cha Chelsea, kama alivyosema mwenyewe. Ilimchukua wiki tatu kupata ujasiri. Jumatatu moja, mtu alipomrushia utani wa kawaida, akajibu, "Jamani, mimi hata sijui Chelsea iko wapi. Nilisema tu." Anasema walicheka hadi meneja akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Wamempa jina la Refa, kwa kuwa hana upande, na sasa mabishano yakishindikana hupelekwa kwake aamue kwa kurusha sarafu. Hatimaye ameingia katika duara kwa mlango ambao hakuna aliyeujua. Mhasibu naye alimjia faraghani akamnong'oneza kwamba yeye pia, kwa kweli, hupenda mieleka tu.

Kiungulia kimepungua, hakijaisha. Presha ilikuwa 128 kwa 82 mara ya mwisho. Jumatatu mbili zimepita bila kumwona. Programu za kubashiri amezifuta kwenye simu mbele yangu, ingawa najua, naye anajua, kwamba kuzirudisha ni kazi ya dakika moja.

Lililobaki ni zile shilingi 38,000. Mkewe angali anaamini zilikwenda shuleni, na shule imeanza kutuma barua. Nimemwambia kwamba hapo hakuna dawa ninayoweza kumwandikia. Alikaa sana akiitazama kofia yake. Kisha akauliza kama anaweza kumleta mkewe Alhamisi jioni, amweleze hapa, mbele yangu na muuguzi. Nimewaandika saa kumi na moja, wawe wa mwisho, wasiharakishwe.